Binti anataka utafiti wa selimundu: maoni ya mtu wa maabara

Mleta uzi anasema binti yake kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia, biolojia), na udaktari wa wodini hautaki. Anataka kutafiti magonjwa ya damu ya kurithi. Mzee anauliza: hiyo ni kazi, au ni kupoteza ujana?

Mkuu, mimi si profesa. Ni mtu wa maabara, mwaka wa 14 huu, na mingi nimeimalizia kwenye miradi ya selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu.

Nilianza na kipimo cha zamani. Tone la damu kwenye slaidi, unachanganya na metabisulfiti ya sodiamu, unafunika na kioo chembamba, unaziba kingo kwa mafuta mazito hewa isipenye. Unasubiri. Oksijeni ikiisha, chembe nyekundu zilizokuwa duara kama vitumbua zinaanza kujikunja na kuchongoka, mundu kabisa. Siku ya kwanza kuziona nilisahau kwenda kula.

Kipimo hichohicho kilinitia adabu. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa, na aliyerithi kwa mmoja tu, yaani mbebaji, wote chembe zao zitapinda. Hospitali moja niliyopita tulimpa mama majibu kwamba mwanawe ni mgonjwa, bila kusubiri elektroforesisi, kipimo kinachotofautisha mgonjwa na mbebaji. Miezi minne baadaye tukarudia: AS, yaani jeni moja ya kawaida, moja ya selimundu. Mtoto ni mbebaji tu, mzima wa afya. Nilidhani mama atafurahi. Akaniambia, "Miezi minne nimemkataza kucheza na wenzake, na baba yake anasema ugonjwa umetoka kwetu. Sasa haya nayafuta vipi?" Sikuwa na jibu.

Binti amsome Anthony Allison, mtafiti aliyeunganisha selimundu na malaria. Kazaliwa Afrika Kusini, kakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alijiunga na msafara wa Mlima Kenya, akawa anapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini huko milimani kwenye baridi ni wachache mno. Akahisi ni malaria: ukibeba jeni moja, unapata kinga. Lakini kuhisi si kuthibitisha. Ilibidi kwanza amalize udaktari, arudi Afrika Mashariki 1953, achapishe 1954. Miaka mitano kwa swali moja, na huyo alikuwa na bahati. (Katika kuthibitisha aliwaambukiza malaria Wajaluo 30 waliojitolea, nusu yao wabebaji. Vimelea vilishika kwa wabebaji wawili, na kwa wasio wabebaji 14. Leo kamati ya maadili ingemkalisha kitako kwanza.)

Hapa kwetu, Dkt. Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 pale Muhimbili kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Watu wakisikia utafiti wanawaza darubini, kumbe sehemu kubwa ni huko kufuatilia. Mtoto akikosa kliniki lazima ujue kahama, kapata nafuu, au kafariki. Namba ya simu haipatikani, unapanda bodaboda hadi kwa mjumbe, unaulizia nyumba. Mara nyingine unakuta matanga. Ukiandika "hakuonekana" ukaishia hapo, hesabu zako zitaonyesha watoto hawafi.

Matunda yapo, ila yanachelewa. Dawa ya haidroksiyurea iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu tangu 1998. Huku wengi waliogopa: je, haitazidisha malaria na maambukizi kwa watoto wetu? Jibu lilikuja 2019, baada ya watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kupewa dawa na kufuatiliwa. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, kuongezewa damu kukapungua, na vifo pia.

Pesa: mikataba ni ya mradi, miaka miwili, mitatu. Kati ya mradi na mradi niliwahi kukaa miezi mitano bila mshahara, genge la mke wangu ndilo lililotulisha. Hilo mwambie kabla hajajaza fomu.

Na kama alama zinamruhusu, achukue udaktari hata kama wodi haitaki. Makani mwenyewe ni daktari. Mimi nisiye daktari nimefika mahali natoa damu, napima, naandika, ila swali la utafiti anakuja nalo mtu mwingine. Alama zikigoma, sayansi ya maabara ya tiba inatosha kuanzia, ila aipende takwimu. Mimi niliikimbia chuoni, nikaja kuisoma nikiwa na watoto watatu.

Kama yuko Dar, ni-PM nimtafutie siku moja aje aone kliniki ilivyo asubuhi.