Ukiungama, ungama za kwako

Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, usharika wetu, ulio nje kidogo ya mji wa Bukoba, ulifanya semina ya uamsho ya siku tatu, na Jumapili iliyofuata nikasimama kutoa ushuhuda. Nilisema kwamba kanisa letu limelala, kwamba ibada zetu ni za mazoea, na kwamba usingizi huo umeanzia madhabahuni. Vijana wenzangu waliitikia kwa nguvu. Mchungaji, mzee aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu, alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akatangaza wimbo uliofuata.

Jumatatu jioni mama mmoja wa ushirika wa watu waliookoka, ambaye aliokoka kabla sijazaliwa, aliniita kwake. Alinikaribisha kwa punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, akaketi mkekani na kuanza kumenya yake moja taratibu. Alipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, jana umeungama dhambi za mchungaji. Zako utaungama lini?"

Nilikuwa mhazini wa kwaya, na shilingi 42,000 zilizochangwa kwa ajili ya sare nilikuwa nimezila kidogo kidogo, kila mara nikijiambia kwamba nitazirudisha mwisho wa mwezi. Sijui kama mama yule alilijua jambo hilo, na sikuwahi kumuuliza. Ilinichukua wiki tano kuzitafuta, kisha nikazipeleka kwa mwenyekiti wa kwaya na kumweleza kila kitu. Nilitarajia atanikumbatia au walau aseme "Bwana asifiwe". Alizihesabu mara mbili, akaniandikia stakabadhi, na siku ya mazoezi uhazini ukapewa mtu mwingine. Kwa mchungaji nilikwenda baadaye zaidi, kwa kuwa huko kulikuwa kugumu kuliko kurudisha fedha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu ambaye moyo wake umeguswa na uamsho ni kwamba asianze na kipaza sauti. Aanze na deni, na jirani asiyesalimiana naye, na shamba ambalo mpaka wake ulisogezwa usiku. Ndivyo uamsho wa Afrika Mashariki ulivyojulikana tangu mwanzo. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri upungufu wake mwenyewe. Moto ulipoenea katika miaka ya 1930 kuanzia Gahini, ukaingia Uganda na kufika hata huku kwetu Kagera, watu wa nje waliwatambua Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiganda, kwa jambo moja lililowashangaza: walirudisha mali walizoiba na kuomba radhi, wakati mwingine Mzungu akimwomba Mwafrika, jambo ambalo katika enzi ya ukoloni halikuwa dogo hata kidogo.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa nina neno pia, kwa maana miaka hii nami nimo barazani na ninaijua hofu yetu. Vijana wakianza mkesha, la kwanza tunalouliza ni nani amewapa kibali. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26, William Nagenda, mmoja wa viongozi wa Balokole, akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kuendelea na mikutano yao ya alfajiri kinyume cha agizo la mkuu wa chuo. Sisemi kwamba wanafunzi wale hawakuwa na ukali uliopita kiasi, maana ukali huo ninaujua, niliwahi kuwa nao. Hata hivyo Balokole kwa sehemu kubwa hawakuondoka kuanzisha kanisa lao, na Kanisa la Anglikana la Uganda likaja kupata maaskofu kutoka miongoni mwao. Mzee wa kanisa anayewaogopa vijana wa mkesha ahudhurie mkesha mmoja mpaka asubuhi, akae nyuma, asiongoze lolote, ndipo aje barazani atoe maoni.

Limebaki jambo la maungamo ya hadharani, ambalo wengi hulipita haraka. Nimewahi kumsikia mtu akiungama uzinzi mbele ya usharika mzima na kumtaja mwenzake kwa jina, naye mwenzake ameketi benchi la tatu pamoja na mumewe na watoto. Aliyeungama alitoka akishangilia kwamba mzigo umetua; yule mama hakurudi kanisani tena, na ndoa yake haikupona. Tangu siku hiyo, katika ushirika wetu, ungamo lolote linalomgusa mtu mwingine husemwa kwanza faraghani mbele ya wazee wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, na halifiki mbele ya watu mpaka mwenye kuguswa ameambiwa na kuridhia. Mara nyingi haridhii, nasi tunaliacha hapo hapo.