Kabla hujawasha pampu kiangazi, shuka kwanza mtoni na ndoo

Kamwene wanyalukolo. Juzi kuna dogo kanipigia, kanunua eka 2 huku Kilolo anataka kupanda parachichi, swali lake la kwanza eti pampu ya inchi ngapi inafaa. Nikamwambia dogo pampu iweke pembeni kwanza, una ndoo? Akacheka. Mi sikucheka, maana hilo somo nimeshalilipia ada.

Iko hivi. Mi nilikuwa mkulima wa simu. Nakaa Iringa mjini nina kaduka kangu ka spea, shamba liko kijijini eka 3, nimepanda parachichi aina ya hass kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, miche 330 hivi. Shamba linashuka mpaka kwenye kijito, na yule mzee aliyeniuzia alininyooshea kidole kabisa akasema "na maji yako haya hapa", nami nikaondoka pale nikijua nimenunua shamba na maji yake. Kumbe hamna kitu kama hicho. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, we unapewa haki ya kuyatumia tu, na ukishafunga pampu au kuchepusha mto kwa ajili ya shamba unatakiwa uwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Sisi tuko Bonde la Rufiji, na ofisi ya hiyo Bodi iko hapahapa Iringa mjini, yaani mtu nakaa mji mmoja nao na sina habari. Anayechota na ndoo ya kupikia na kufulia nyumbani hahitaji kibali, lakini mimi na pampu yangu nilihitaji na sikuwa nacho.

Miaka miwili ya kwanza hakuna aliyeniuliza kitu. Maji yalikuwepo, tukikutana njiani tunasalimiana, nikienda narudi na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ikaja 2022, ule mwaka Dar walikuwa wanapewa maji kwa mgao, na huku kwetu Novemba inakatika hata wingu la maana hujaliona. Parachichi mizizi yake iko juujuu, haliendi chini kutafuta maji kama miti mingine, kwa hiyo miche ilianza kukunja majani nikapata kiwewe. Nina jamaa analima zabibu Dodoma, nikampigia kulalamika akaanza kunicheka, anasema mzabibu ukiukosesha maji wiki mbili unanuna tu, nyie na hayo maparachichi yenu mmejitakia wenyewe. Nikampigia kijana wangu wa shamba, nikamwambia washa pampu kila siku usisikilize mtu.

Hilo neno "usisikilize mtu" mpaka leo linaniuma.

Maana chini yangu kuna vinyungu. Kwa asiye wa huku, vinyungu ni vile vishamba vya bondeni, watu wanalima kiangazi kwenye unyevu pembeni ya mto, mahindi ya kuchoma, maharage, mboga, ndo hela ya daftari za watoto na ndo mboga ya nyumbani kabla mvua hazijashika. Wengi wanaolima ni akina mama. Sa kijana akawa anawasha, hafu siku moja ananipigia saa 1 asubuhi anahema, "bosi mpira umekatwa". Umekatwa na panga, vipande vinne, vimepangwa vizuri pembeni ya njia kama kuni.

Nikapandisha hasira nikaenda polisi. Nikafungua kesi bila hata kukanyaga kijijini. Ushauri wangu hapa ni mfupi, usifanye hivyo. Ukianza na polisi kwenye ishu ya maji kijiji kizima kinafunga mdomo. Nilikaa karibu mwezi mzima hakuna anayejua lolote, hata mtendaji akipokea simu anajibu kwa heshima sana, na wenyewe mnajua mtu wa Iringa akishaanza kukuheshimu kupita kiasi ujue mambo yameharibika.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu wa Mbarali. Yeye analima mpunga kule Usangu, maisha yake yote ni banio la kuchepushia maji, mfereji, zamu, tena hao wameshalaumiwa kweli, maana mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi kule hifadhini tangu 1993 na kila ukikauka vidole vyote vinaelekezwa kwenye majaruba yao, na wafugaji nao waliondolewa Usangu kuanzia 2006 kwa sababu hiyohiyo ya maji. Kwa hiyo kugombania maji kwake sio habari. Akaniuliza swali moja tu, "umeshuka chini ya mto wewe?" Nikasema chini wapi. Akasema mjomba, mtu wa juu hajui anakunywa kiasi gani mpaka ashuke kwa wa chini.

Nikaenda Jumamosi, nimeacha gari barabarani, nikafuata kijito kwa miguu. Kama dakika 20 hivi nikamkuta mama mmoja mtu mzima amechuchumaa kwenye shimo anachota na kopo anamimina kwenye ndoo, kopo moja moja kwa sababu maji yenyewe anasubiri yajikusanye. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, wa wapi?" Nikajitambulisha, nikasema ndo mwenye parachichi za kule juu, nikijua nitamwagiwa matusi. Hakutukana. Akaendelea kuchota mpaka kopo likagonga udongo, hafu akaniuliza "hizo parachichi zako zinazaa lini?" Nikamwambia ni mwaka wa tatu huu, tunategemea mwakani tutaona kitu. Akageuka akaangalia maharage yake, yalikuwa yameshaanza kutoa maua na majani yamelegea yote yanaangalia chini, akasema "mimi yangu yalikuwa ya mwezi huu".

Sikuwa na jibu. Nikapanda zangu juu nikamwambia kijana lete ndoo.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo sehemu yenye faida. Chukua ndoo ya lita 20 na kipande cha bomba pana. Ziba kijito kidogo kwa udongo na migomba ili maji yote yapite kwenye bomba, weka ndoo chini, washa saa ya simu. Ya kwetu ilijaa kwa sekunde 8. Yaani lita 150 kwa dakika. Hafu nikaenda mwisho wa mpira wa pampu kule juu shambani, ndoo ileile, ikajaa kwa sekunde 4. Lita 300 kwa dakika. Kumbe pampu yangu inakunywa mara mbili ya mto wenyewe! Na kijana kuona maji hayatoshi alikuwa ameziba kwa viroba vya mchanga kapata dimbwi, likijaa anavuta, likiisha anasubiri lijae tena, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka saa 6 mchana hakuna tone linaloshuka. Wale wa chini walikuwa wanaona mto umekufa kabisa, sio umepungua.

Ila cha ajabu ni hesabu ya pili. Miche 330 mara lita 20 ni lita 6,600. Kwa pampu ile hiyo ni kazi ya dakika 22. Na pampu inawashwa masaa matano! Nikamkalisha kijana. Alizunguka weee, mwisho akasema kuna watu wawili wana nyanya juu ya barabara alikuwa anawauzia maji, na petroli ni yangu. Sikumfukuza. Nilitamani, ila kiukweli nani alimwambia asisikilize mtu?

Kwa hiyo ukitulia unaona maji yalikuwa hayajatuishia kiasi kile. Kijito kile hata kwenye ukame kilikuwa kinapitisha kama lita laki 2 na kitu kwa siku, mi shida yangu lita elfu 6 na ushee mara mbili kwa wiki. Tatizo lilikuwa ni kuyavuta yote kwa mkupuo, mchana, saa ambayo kila mtu anayahitaji. Hiyo mtu huwezi kuijua ukiwa dukani unauza bearing.

Nikafuta kesi, nikamwomba mwenyekiti wa kijiji kikao. Jamani kile kikao. Kila mtu alikuja na hasira zake hafu ikaonekana kila mtu ana kosa. Mimi sina kibali. Wa vinyungu nao wengine wamelima mpaka maji yanagusa jembe, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisifanyiwe shughuli za kudumu. Mzee mmoja aliyekuwa anaongea kwa sauti kuliko wote kumbe ndo mwenye milingoti, yaani mikaratusi, pale chanzo kinapotokea, na mlingoti mnaujua unavyokunywa. Mtendaji aliposema basi tumwite mtu wa Bonde aje aamue, ukumbi ukanyamaza kimya, mtu na jirani yake wanaangaliana. Pale ndo tukaanza kuongea kama watu.

Tulichokubaliana sio cha kitaalamu sana. Mchana maji ni ya wa chini, sie wa juu tunachukua usiku, saa 3 mpaka saa 11 alfajiri. Hakuna pampu inayotia mpira mtoni, unavuta kwa bomba la inchi moja yanaserereka yenyewe mpaka kwenye tenki. Viroba vyote vitoke. Yakaandikwa kwenye daftari la kijiji, majina na saini, wasiojua kusoma wakaweka dole gumba, na faini tukapanga hapohapo. Msiishie kupeana mikono, andikeni, kwa sababu ukame ukiisha watu wanasahau hafu ukirudi mnaanza moja. Huko mbele mkiweza sajilini Jumuiya ya Watumia Maji, sheria inaitambua, sisi bado tuko kwenye mchakato.

Upande wangu nilinunua tenki la lita 5,000 (bei yake ilinitoa jasho, nisiseme), nikavuta bomba kutoka juu kidogo ya shamba. Linatoa ndoo kwa sekunde 50, tenki linajaa kwa masaa matatu na nusu, na zaidi ya robo tatu ya maji yanaendelea kushuka kwa wenzangu hata saa yangu ya kuchukua. Namwagilia nusu ya shamba leo nusu kesho kutwa. Ile miche ya juu bado napandisha kwa pampu lakini natoa kwenye tenki. Hafu nikaweka matandazo, nyasi kavu na mabua, nene kama kiganja kilichosimama, usigusishe shina tu litaoza. Matandazo ndo yaliyonisaidia kuliko hata tenki. Kutoka mara mbili kwa wiki nimeshuka mara moja, na udongo ukifunua chini unaukuta na ubaridi. Ningeanza na nyasi ambazo ni bure nisingefika polisi.

Kibali nimeomba pia. Wana utaratibu wa kutangaza ombi ili mwenye pingamizi aseme, na kuna ada ya kila mwaka. Ila usije ukadhani ukipata karatasi umemaliza, ukame ukizidi Bodi inaweza kukupunguzia kiasi ulichoandikiwa, na isitoshe karatasi haizuii panga usiku.

Nani alikata mpira sijawahi kuuliza. Yule mama maharage yake mwaka ule yalipotea yote, mwaka uliofuata akavuna, akanitumia debe dogo la maharage kwa kijana na salamu kwamba nipunguze kuja na gari naogopesha kuku. Zamu inaenda, imevunjwa mara mbili, moja na kijana wangu, faini nimelipa mimi.

Milingoti ya mzee bado imesimama pale chanzoni. Kila kikao anasema ataikata, anasubiri tu bei ya nguzo ipande.