Re: Miwani namba 5 ya shalumo, naweza kuisudiria (kuchomelea) na posti ya umeme?

Hapana, mkubwa. Namba ni kiwango cha weusi wa kioo, na 5 ni ya shalumo tu, yaani tochi ya moto wa gesi. Ukichoma bageti (fimbo ya kuchomelea) na posti kwa amperi 60 hadi 160, vaa kofia yenye kioo namba 10. Ukipanda hadi 250, weka 12.

Kwa shalumo ya gesi ya asetilini, angalia kazi. Kuunga bomba za shaba kwa bageti ya fedha: 3 au 4. Kusudiri bati lisilofika milimita 3: 4 au 5. Chuma cha milimita 3 hadi 12: 5 au 6. Kukata bamba chini ya milimita 25: 3 au 4. Anza na kioo cheusi zaidi. Usipoona chuma kinavyoyeyuka, shuka namba moja, ila usipite chini ya hizo.

Boraksi nayo, ule unga wa kusafisha chuma wakati wa kuunga, inatoa mwanga wa njano unaoficha mshono, kwa sababu ina sodiamu. Watu wanadhani kioo hakitoshi, wanaongeza namba, wanazidi kutoona. Tafuta kioo kinachokata hiyo njano.

Miwani ya jua inayouzwa pale soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, achana nayo kabisa. Weusi wake unafungua mboni, huku miale ya joto ikipita, na hiyo ndiyo inayoleta mtoto wa jicho baada ya miaka. Soma namba iliyochorwa pembeni ya kioo. Haipo? Usinunue.

Kwa diski ya kusagia, vaa miwani ya polikaboneti (plastiki ngumu) isiyo na rangi. Kioo cheusi kikipigwa na kipande cha diski kinapasuka.