Maiki ya simu kwenye mikisa: hesabu mistari ya jeki kwanza

Ndugu yangu wa Kongowea, swali lako nimelisoma mara mbili. Wasema umenunua maiki ndogo ya kubana nguoni, ile ya simu, ukataka kumvisha ustadh kwenye darsa ya baada ya Isha ili mikono yake iwe huru kufungua kitabu. Ukatafuta adapta ya kutoka jeki ndogo kwenda kanoni (XLR, ile plagi nene ya pini tatu), ukachomeka kwenye mikisa ya msikiti, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ukawasha 48V, umeme wa volti 48 ambao mikisa hupeleka kwenye maiki, kwa kuwa mtu alikwambia maiki za aina hiyo lazima zile umeme. Spika zikapiga pwaa, kisha kimya. Wenzetu wawili washakujibu kabla yangu kuwa adapta ni feki, katafute nyingine. Mimi naona adapta yako huenda ni nzima kabisa. Umeipa kazi isiyokuwa yake.

Nafanya kazi ya sauti hapa Mombasa, harusi, maulidi na mikutano, huu mwaka wa kumi na nne. Kosa kama lako nimelifanya kabla yako, tena mbele za watu. Nitakusimulia, lakini kwanza itoe hiyo maiki kwenye mfuko uitazame jeki yake.

Hesabu vile vijistari vyeusi vinavyoizunguka. Kimstari kimoja maana yake jeki ina sehemu mbili, miwili sehemu tatu, mitatu sehemu nne. Maiki ya simu huwa na mistari mitatu, kwa sababu tundu la simu lina njia nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, ardhi (njia ya kurudishia umeme) na maiki. Kwenye simu nyingi za sasa sauti ya maiki imekaa shinani kabisa, karibu na plastiki, na ardhi iko hatua moja mbele yake. Sasa tundu la adapta yako limetengenezwa kwa jeki ya mistari miwili, lenyewe hutafuta sauti nchani na ardhi shinani. Ulipochomeka iliingia vizuri, ikalia tak, ukaridhika. Kumbe adapta ilikuwa yabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Dawa yake ni kiadapta kingine kidogo cha kugeuza mistari mitatu kuwa miwili. Kampuni ya Rode wana chao kiitwacho SC3, na makampuni mengine wana vyao vya bei nafuu vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Angalia usipewe SC4, hiyo ni ya kurudi kinyume, yaani maiki ya kamera kwenda kwenye simu. Dukani huning'inizwa msumari mmoja na vijana hawavitofautishi.

Hilo ni umbo tu. Umeme ni habari nyingine, na hapo ndipo watu huua maiki.

Kichwa cha maiki hizi, kile kidogo kama punje ya hindi, ni cha aina ya elektreti. Ni ubunifu wa Gerhard Sessler na James West, walioutoa mwaka 1962 wakiwa Bell Labs kule Marekani, na hadi leo ndio uliomo kwenye maiki nyingi ndogo za nguoni. Ndani mna utando mwembamba na kitu chenye chaji ya kudumu, kwa hiyo utando wenyewe hauhitaji kulishwa. Kinachohitaji kulishwa ni transista ndogo ya kukuza sauti iliyo nyuma yake, nayo hutosheka na volti chache, mbili hadi tano. Simu hutoa volti hizo kupitia waya ule ule unaoleta sauti. Kamera nazo hivyo hivyo. Kinasa sauti kidogo cha mkononi pia.

Mikisa haina kitu hicho. Mikisa nyingi zina 48 au hazina kabisa. Na hizo 48 zimewekwa kwa maiki kubwa za studio zenye sakiti ya kuzipokea ndani. Kwenye mikisa volti 48 hupitia rezista (kizuizi cha umeme) ya kama kiloomu 6.8 kwa kila pini ya kanoni, ya pili na ya tatu. Elektreti hunywa mkondo mdogo sana, chini ya nusu miliampea. Piga hesabu: nusu miliampea kwa kiloomu 6.8 inapunguza kama volti tatu na nusu tu. Zilizobaki, arubaini na kitu, zinatua kwenye kitu ambacho kwa kawaida kimeandikiwa mwisho volti kumi. Nyingine hufa papo hapo. Nyingine huendelea kusema lakini kwa sauti ya mtu mwenye mafua, na huo ni mtihani zaidi, kwa sababu utahangaika nayo miezi ukidhani ni spika.

Kwa hiyo adapta ziko za makabila mawili, ijapokuwa kwa macho zafanana kama pacha. Kuna zile za waya mtupu: ndani ni nyaya mbili tatu zimeungwa kwa risasi ya kuchomelea, basi. Hazibadilishi umeme wowote. Na kuna zenye sakiti, ambazo huchukua volti za mikisa na kuzishusha. Mfano wake ni Rode VXLR+, hiyo yenye alama ya kujumlisha mwishoni: hupokea volti 12 hadi 48, ikatoa kati ya 3 na 5. Alama hiyo ya kujumlisha si pambo. Iko VXLR isiyo nayo, nayo ni waya mtupu. Ukimwagiza mtu akununulie Nairobi, mwandikie jina kwa ukamilifu na umtumie picha.

Njia ya pili ni maiki yenye betri yake. Boya BY-M1 ambayo wengi hapa wanayo ina kibetri cha LR44 kwenye kile kipipa cha katikati ya waya, na swichi ya pande mbili. Ukiipeleka kwenye mikisa weka swichi upande wa kamera, hapo ndipo betri hufanya kazi, na 48V iwe imezimwa. Jeki yake nayo ina mistari mitatu, kwa hiyo ile habari ya kwanza haijakuacha. Na ukimaliza rudisha swichi, la sivyo wiki ijayo utakuta betri imekufa na ustadh ashakaa kitako.

Tatizo la mikisa ndogo ni kwamba 48V mara nyingi ni swichi moja kwa chaneli zote. Ukiwa na maiki nyingine inayozihitaji, na hii yako ya betri isiyozitaka, huwezi kuwasha ya mmoja. Hapo pitisha ya betri kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganishia vyombo kwenye mikisa) yenye transfoma, itazuia volti zisirudi nyuma. Lakini DI peke yake haimlishi mtu: maiki isiyo na betri ukiipitisha humo utapata ukimya tu.

Sasa kisa changu. Ilikuwa nikahi Mji wa Kale, nyumba moja ya ghorofa nyuma kidogo ya Fort Jesus. Wanaume chini, wanawake juu, na mama wa bibi harusi ameniagiza mapema: juu lazima wasikie kila neno, wametoka watu Lamu na Tanga. Nilikuwa na maiki ya kamera ya betri, mistari miwili safi, na adapta mpya niliyoinunua asubuhi ile. Nikaibana kwenye kanzu ya shehe, nikafungua chaneli. Kimya. Nikapandisha geini (kitufe cha kukuza sauti ya maiki) hadi mwisho, nikapata sss na feni ya dari. Juu dirishani mtu akaita, "Hatusikii!" Nikabadili waya. Nikabadili betri. Nikabadili chaneli. Shehe hakunisubiri, na ana haki. Nikiwa bado nimeinama chini ya meza nikasikia "nimekubali", na dakika mbili baadaye kikashuka kitoto kimetumwa kuuliza kama yashakwisha au bado.

Jioni nilikaa barazani nikaifungua ile adapta kwa kisu. Ncha ya jeki ilikuwa imeungwa pini ya pili, pete ya katikati imeungwa pini ya tatu, shina pini ya kwanza. Kazi nzuri tu, risasi inang'aa. Lakini maiki za kamera hutoa sauti ile ile nchani na kwenye pete, ili kamera ipate kushoto na kulia. Na mikisa husoma kanoni kwa kutoa: huchukua kilicho pini ya pili, ikakitoa kilicho pini ya tatu, ikabaki na tofauti. Sauti ya shehe ilikuwa yaingia pande zote mbili sawasawa. Tano kutoa tano. Maiki ilikuwa nzima, betri nzima, mikisa nzima, na shehe alisema kwa sauti kubwa.

Nilikata waya wa pini ya tatu nikaufunga pamoja na wa pini ya kwanza, ncha ikabaki pini ya pili peke yake. Adapta ile ninayo mpaka leo, nimeizungushia selotepu nyekundu. Ukiwa na mita, pima yako kabla ya kuitumia: ukigusa pini ya tatu na shina, mita iimbe. Ikiimba na pete ya katikati na shina liko kimya, hiyo si ya maiki ya kamera.

Ugonjwa huu huu huwapata wanaochomeka laptopu kwa jeki moja nene kwenye chaneli moja ya mikisa. Wimbo wa taarabu ukapigwa, mwimbaji akatoweka, zikabaki fidla za pembeni na mwangwi, na DJ akalaumu rekodi. Na hizi risiva ndogo za maiki zisizo na waya, zenye tundu dogo la kutolea sauti, nazo zimo. Tumia waya wa matawi mawili kwenda chaneli mbili, au chukua upande mmoja tu.

Kuhusu urefu wa waya, umeuliza kama waweza kurefusha ule wa maiki mpaka kwenye mikisa nyuma ya nguzo. Usifanye hivyo. Ile hesabu ya kutoa iliyoniumbua mimi ndiyo inayolinda kanoni: makelele ya njiani huingia nyaya zote mbili sawasawa, yakifika kwenye mikisa yanafutana. Waya mwembamba wa maiki hauna ulinzi huo. Ukiurefusha mita kumi na tano utavuna mvumo wa umeme wa hertzi 50, na simu ya mtu wa safu ya mbele ikitaka kuita utasikia dididi-dididi katikati ya aya. Adapta ikae karibu na ustadh, chini ya kiti, kisha kutoka hapo vuta kanoni ndefu upendavyo.

Za pakiti za kiunoni, zile za kurushia sauti bila waya, sizigusi sana kwa kuwa hukuziuliza. Ila usidanganywe na skrubu: Sennheiser wana jeki ndogo ya kufunga, Shure kijikanoni cha pini nne, AKG cha pini tatu, na hata zile zinazoingiana kwa umbo huenda nyaya za ndani zisilingane.

Na la hewa yetu hii. Adapta zikikaa wazi miezi miwili tu karibu na bahari, shaba hutoa unga wa kijani na maiki huanza kukwaruza ukigusa waya. Zangu zakaa kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha vya ndani ya maboksi ya viatu. Kila kabla ya Ramadhani nazipangusa kwa spiriti.

Kwa maoni yangu, na usiudhike, ustadh anayesomesha amekaa kitako angefaa zaidi maiki ya kawaida kwenye stendi fupi. Hizi za nguoni husikia pande zote, na msikiti wa marumaru wenye spika kila nguzo utakupigia mluzi kabla hujafika sauti inayotosha. Ukishikilia ya nguoni, ibane kama shubiri moja chini ya kidevu, pembeni kidogo ya ndevu, na waya uufanyie kitanzi ndani ya kanzu. Kanzu iliyotiwa wanga husugua kama gunia.

Maiki yako sasa. Ile pwaa ni 48V zilizowashwa huku feda (kile kidude cha kupandishia sauti ya chaneli) iko juu, si lazima kitu kimepasuka. Na kwa kuwa jeki yako ya mistari mitatu haikugusana na adapta mahali pake, huenda kosa la kwanza limekukinga na la pili. Ichomeke kwenye simu, rekodi ukisoma sekunde thelathini, sikiliza kwa spika za masikioni. Ikiwa sauti ni ile ya siku uliyoinunua, tafuta kile kiadapta cha kupunguza mistari na adapta yenye sakiti, na siku ya darsa ufike nusu saa kabla ya adhana ujaribu watu hawajajaa.