Wajenzi wapya wa ndege za plastiki, punguzeni haraka ya rangi

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi, nawapenda, na kwa sababu nawapenda leo nitasema kwa ukali kidogo. Kila nikionyeshwa ndege mpya ya plastiki, hizi ndogo za kuunganisha vipande, naona yale yale. Mshono wa mgongoni haujaguswa na msasa, stika zina utando mweupe, kioo cha rubani kimeingia ukungu, na juu ya yote hayo kuna rangi iliyopakwa usiku wa kuamkia siku ya kupiga picha. Boksi limesafiri kwenye begi la shangazi kutoka Uingereza, limesubiriwa miezi, halafu linamalizwa wikiendi moja. Haraka ya nini, jamani? Nimeyapanga kwa namba ili msiseme sikuwaambia.

1. Pachika vipande vikavu kabla ya kugusa gundi. Angalia hasa kwenye kwapa la bawa, pale bawa linapokutana na bodi, maana ndipo pengo hupenda kujificha. Pengo la nusu milimita kwenye kipimo cha 1/72 (ndege iliyopunguzwa mara 72) ni sawa na sentimita 3.6 kwenye ndege halisi. Rubani angeingiza vidole humo.

2. Gundi nyepesi ya brashi haigandishi plastiki, inaiyeyusha na kuiunganisha. Shika vipande viwili, gusisha brashi kwenye mshono, itatambaa yenyewe. Lakini kidole chako kisiwe juu ya mshono, kwa sababu itatambaa hadi chini yake na kukuachia alama ya dole gumba kwenye bodi ya Spitfire.

3. Msasa nunueni kwenye maduka ya rangi za magari: namba 400 kwa kuondoa fila (ile lipu ya kuziba mapengo), 800 na 1000 kwa kulainisha, 2000 kwa kumalizia, na daima kwa maji.

4. Ndege yenye gurudumu la mbele inataka uzito puani. P-38, P-39, B-25, Me 262, MiG-17, zote hizi zisipowekewa uzito hukalia mkia. Risasi ndogo za kuvulia samaki zinatosha, ila ziingie kabla hujafunga bodi. Juzi binti mmoja wa Sakina, fundi mzuri tu, alinionyesha MiG-17 aliyoijenga kwa sababu babu yake alikuwa Kagera. Rangi safi, mshono hauonekani, na ndege imeangalia mbinguni. Tulitoboa tundu ndani ya shimo la gurudumu la mbele, tukasukuma risasi moja moja kwa kijiti cha meno na gundi, na babu akakaa pembeni anatuhesabia. Ilipoinamisha pua alipiga makofi. Ilikuwa kazi ya jioni nzima kwa kitu ambacho mwanzoni kingechukua dakika tano.

5. Kabla ya kuchora rangi iliyobanduka, jua ndege yako imetengenezwa kwa nini. Wengi mnapenda kudondoshea madoa ya fedha kila mahali ili ndege ionekane imepigana. Sasa, Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, nusu yake ya nyuma ni kitambaa kilichovutwa juu ya fremu za mbao na mabomba ya chuma. Hakuna aluminiamu chini yake ya kuonekana. Hata mabawa ya zile za mwanzo yalikuwa ya kitambaa, ya aluminiamu yalikuja baadaye. Mosquito ndiyo kabisa, bodi na mabawa ni mbao. Madoa ya fedha kwenye mkia wa Hurricane yanamwambia kila anayejua kwamba hukufungua hata picha moja ya ndege hiyo. Weka fedha kwenye ukingo wa mbele wa bawa la aluminiamu, kwenye vifuniko vya injini, na pale mafundi walipokanyaga. Basi.

6. Usipulize laka (rangi au klia yenye tina kali, kama ya magari) juu ya enameli (rangi ya mafuta). Hapa nitakaa, kwa sababu hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, na bado naliona kila msimu.

Kuna kijana wa Majengo, Moshi. Mkono wake umetulia kuliko wa wengi tuliomtangulia. Alipata Hurricane ya 1/48 na akaijenga kwa adabu zote. Mikanda ya kiti cha rubani aliikata kutoka kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaikunja ilale kitini kama imetoka kuvuliwa sasa hivi. Juu akapaka kahawia ya udongo na kijani kilichokolea, chini ile rangi ya anga iliyopauka, kama zilivyokuwa ndege za 1940 zilizolinda Uingereza. Enameli yote, kwa brashi, na huoni mchirizi hata mmoja. Stika zikakaa. Kilichobaki ni vanishi ya kulinda kazi.

Akaenda duka la spea, akanunua kopo la klia ya magari, yaani laka isiyo na rangi. Enameli ilikuwa na siku mbili.

Alinisimulia kwamba mwanzoni ilipendeza mno, iling'aa. Kisha ukingo wa bawa la kulia ukaanza kutetema, rangi ikajikunja kama utando wa maziwa ya moto ukiupuliza, mikunjo ikakimbia kuelekea kwenye bodi. Na hapo akafanya ambalo kila mtu angefanya: akaweka dole gumba ili ainyooshe. Dole likaondoka na kahawia, na kijani, na nusu ya duara la RAF, alama ya jeshi la anga la Uingereza.

Nilipofika kesho yake, mama yake alinipokea mlangoni akaniambia, "Ingia mwanangu, mdogo wako hajala tangu jana, nilidhani amefeli mtihani." Ndege ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa. Nikaikagua chini ya taa. Doa jekundu la katikati ya duara lilikuwa limeteleza hadi kwenye usukani wa bawa, kile kipande cha nyuma kinachochezeka. Mistari ya paneli, ile mifereji myembamba ya maungio, ilikuwa imejaa. Nikagusa kwa ukucha, plastiki yenyewe ikabonyea, maana tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) iliyomo kwenye klia ya magari inakula hadi plastiki. Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu hasemi kitu, na mimi sikuwa na neno la kumpa. Unapoona kazi safi namna ile imeharibikia kwenye hatua ya mwisho, koo linakauka.

Sababu yake ieleweni, msiikariri tu. Enameli hukauka mara mbili. Kwanza tina yake inapaa, na saa chache baadaye unaweza kuishika ukadhani imekwisha. Baada ya hapo inaanza kukomaa kwa kula hewa, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Laka ya magari ina tina kali. Ikikuta enameli haijakomaa, inapenya, inaivimbisha kwa juu huku chini bado imeshika plastiki. Ikivimba haina pa kwenda, inakunjamana. Kwa hiyo mpangilio ni huu: laka chini, enameli juu yake ukipenda, kinyume chake kamwe. Akriliki ya maji inaweza kukaa juu ya yoyote kati ya hizo, mradi iliyo chini imekauka kweli. Utajuaje imekauka? Isogeze puani. Kama bado unasikia harufu ya rangi, iache.

Na kila mchanganyiko mpya ujaribu kwanza kwenye kijiko cheupe cha plastiki, vile vya sherehe. Paka kijikoni kila ulichopaka kwenye ndege, siku ile ile, halafu kijiko ndicho kitangulie.

Hurricane ile tuliiokoa kwa kutoigusa. Ukikwangua rangi ikiwa laini unachimba plastiki. Tuliiacha hadi tina yote ikatoka na bawa likarudi kuwa gumu, ndipo akaingia na msasa 400 kwa maji hadi kwenye plastiki tupu, akachora upya mistari ya paneli kwa sindano na rula ya chuma. Vialama vya misumari ya ribiti kwenye bawa la kulia havikurudi. Akapaka upya, akasubiri, akamaliza kwa vanishi ya akriliki. Ile ndege ipo na ni nzuri, lakini mistari ya upande wa kushoto ni ya kiwandani na ya kulia ni ya machozi, na yeye anaijua tofauti kila akiitazama.

7. Isikilizeni hewa ya hapa kwetu. Januari na Februari, Arusha ikiwa kavu, akriliki hukaukia hewani kabla haijafika kwenye plastiki, na uso unakuwa na chengachenga. Sogeza bunduki ya kupulizia rangi karibu, punguza presha, ongeza kichelewesho cha kukauka. Masika ni kinyume: laka inapaa haraka, inapoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake na rangi inageuka nyeupe ya maziwa. Siku ya mvua usipulize laka. Vumbi nalo, igeni mafundi wa Unga Limited: wanamwagia sakafu maji kwanza. Ukimaliza, funika kwa boksi.

8. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina. Tafuta yenye vichujio vya mkaa, na usipulize karibu na jiko.

9. Stika zinataka uso unaong'aa, vinginevyo hewa inabaki chini na utando mweupe hautoki.

10. Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kamwe si supaglu. Mvuke wake ndio unaoleta ule ukungu.

11. Msikimbilie ndege za mabawa mawili. Najua mnaitaka BE2c, na sababu yenu naiheshimu: mwanzoni mwa 1916 Skwadroni ya 26 ya Waingereza ilirusha BE2c na Henri Farman kutoka Mbuyuni, ng'ambo ya Taveta, na Machi mwaka huo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts likaingia Moshi. Ni historia ya nyumbani, na kampuni ya Airfix iliwahi kuitoa ya 1/72. Lakini ni bawa juu ya bawa, nguzo nyembamba na waya tele. Jenga kwanza za bawa moja mpaka mshono usikusumbue. Ukifika wakati wake, paka rangi mabawa yote kabla ya kuyaunganisha. Waya tengeneza kwa fremu iliyoshika vipande: ipashe juu ya mshumaa bila kuigusisha moto, ikilainika itoe kwenye joto, ivute taratibu mpaka iwe uzi. Anza na waya za ndani, karibu na bodi, uende ukitoka nje, la sivyo mkono utakata ulizokwisha kuzifunga.