Bango la kasuku wa kijivu, anza na mkia

Ndugu yangu, umeuliza uweke nini kwenye bango la kasuku wa kijivu la kubandika sokoni Goma. Mi nakushauri weka ndege mmoja tu, mkubwa, wa kijivu kwenye bakgraundi nyeupe, rangi iwe moja, ule mkia mwekundu, maana hapo ndo jicho linaenda hata mtu akiwa mbali. Pembeni chora kijiti chenye ulimbo na manyoya mawili matatu yamenasa, ndo wanavyokamatwa na inauma sana kuona. Maneno mstari mmoja tu, kuhusu CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini: CITES ilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini 2016. Habari za Ghana, walikopungua zaidi ya asilimia 90 toka 1992, weka kwenye kipeperushi. Na tafadhali usimchore ndani ya tundu, watu wataona ni wa kufugwa.