Ajenti anataka laki mbili ampeleke kijana Uturuki

Dada yangu wa Malindi, nimekuelewa: mwanao ana miaka 17, ni mshambuliaji, na ajenti anadai shilingi laki mbili ampeleke majaribio Uturuki. Tafadhali usitoe hata senti.

Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache mno, mfano wazazi wakihamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Ajenti mwulize leseni, kisha litafute jina lake kwenye tovuti ya FIFA. Barua ya mwaliko, tazama imetoka anwani gani. Ikiwa ni Gmail, ingia shaka. Piga simu klabuni mwenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, si aliyokupa yeye.

Pasipoti mwanao asimwachie mtu.

Michael Olunga, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Kenya, alicheza ligi ya nyumbani kwanza. Gor Mahia ndipo alipotokea kwenda Djurgården ya Sweden mwaka 2016, na Japani akafunga mabao 28 ya ligi mwaka 2020. Mwanao bado ana wakati.

Mkataba ukija, wakili ausome kabla ya sahihi. Kama umeshalipa, peleka ujumbe wa M-Pesa polisi leo.